Mila haiko katika upana wa sufuria

Kuna neno linalorudi kila mara tunapokaa kuzungumza juu ya desturi zetu hapa Bukavu. Wanasema: «Nyumba bila sufuria kubwa si nyumba ya Mwafrika.» Halafu wanaongeza ile methali tunayofundisha watoto darasani, mwacha mila ni mtumwa, na mazungumzo yanakwisha. Nani atathubutu kujibu methali?

Mimi nitajibu. Nasema kwamba ile sufuria ya alumini yenye tumbo la mviringo na masikio mawili, ile inayoziba njia katika nyumba zetu ndogo, hatukuipata kwa mababu, na hakuna mila inayolindwa nayo. Nasema tena kwamba kutengeneza vyombo vya kupikia vinavyolingana na jiko dogo njo kufuata mababu kabisa, kuliko wale wanaojaza vyombo ndani ya nyumba isiyoweza kuvipokea.

Wengine watauliza mwanaume, tena mwalimu wa hesabu, anatafuta nini jikoni. Anayekula kila siku hana haki ya kusema kwamba jiko halimhusu. Na jambo hili, mbele ya kuwa la upishi, ni la vipimo: upana, urefu na nafasi. Hapo mwalimu wa hesabu anaweza kusaidia kidogo.

1. Jiko tulilo nalo

Bukavu ni mji wa vilima na wa rasi zinazoingia ndani ya Ziwa Kivu. Tangu mwanzo nafasi tambarare ilikuwa chache. Vita vya 1996 na vya 1998 vikawasukuma watu wengi wa vijiji kuingia mjini, na parseli iliyokuwa ya jamaa moja ikakatwa mara mbili, mara nne, na zaidi. Kule Kadutu na kwingineko nyumba za mbao zinagusana bega kwa bega. Jiko ni kona ya saloni, ao kibaraza cha hatua mbili, ao ule mwanya ulio katikati ya ukuta wako na ukuta wa jirani.

Ndani ya kona hiyo munaingia nini? Babula. Gunia la makala. Bidoni za maji, kwa kuwa maji ya bomba hayaji kila siku. Kinu cha kutwangia sombe. Na sufuria tano ao sita ambazo haziingiliani, kila moja inataka mahali pake. Basi zinajipanga chini, zinapanda juu ya kabati, zinaingia chini ya kitanda. Nyumba ngapi tunazozijua ambamo sufuria zinalala pamoja na watoto?

Hili si jambo la kuchekesha. Sufuria ya maji ya moto ikiwekwa chini kwa kukosa mahali, iko njiani mwa mtoto anayetambaa. Babula iliyobanwa karibu na ukuta wa mbao ni mwanzo wa moto, na kila kiangazi tunasikia kwamba nyumba za Kadutu zimeungua. Mvua ikinyesha, babula inaingizwa ndani na mlango unafungwa. Ile hewa mbaya ya makala haina rangi wala harufu, na inaua watu wakiwa usingizini. Sisemi kwamba sufuria njo inaleta mabaya haya yote. Nasema kwamba jiko lililojaa vyombo visivyo na mpango halimwachii mama nafasi ya kuweka moto mbali na mtoto na mbali na ukuta.

2. Sufuria ya mababu ni ipi?

Sasa tuwajibu wazee wetu kwa heshima, lakini tuwajibu.

Wanasema sufuria hii ni ya mababu. Hapana. Alumini ilianza kutengenezwa kwa wingi viwandani baada ya 1886, mwaka ule Mmarekani Charles Martin Hall na Mfaransa Paul Héroult walipovumbua, kila mmoja upande wake, njia ya kuitoa kwa nguvu ya umeme. Kwa hiyo hakuna babu wa zamani aliyepika ndani ya alumini. Hata neno sufuria lina asili ya Kiarabu, na lilitufikia kwa njia ya pwani. Na bugali tunaosonga ndani yake? Muhogo na mahindi vyote viwili vilitoka Amerika. Wareno walileta muhogo kwenye pwani ya magharibi ya Afrika katika karne ya 16. Mbele ya hapo, watu wa milima yetu walikula ulezi na mtama. Simwambii mtu aache bugali. Nataka tu tuone kwamba mababu walipokea chakula kipya na chombo kipya bila kuogopa kupoteza jina lao.

Chombo chao chenyewe kilikuwa chungu. Katika Kivu, sawa vile Rwanda na Burundi, Batwa njo waliojulikana kwa ufinyanzi. Tukitazama chungu kile vizuri, tunaona akili nyingi ndani yake. Kilikuwa na tumbo la mviringo juu ya sababu: kilikaa juu ya mafiga matatu, na ndimi za moto wa kuni zililikumbatia tumbo lile pande zote. Kikitoka motoni, kilikaa juu ya ngata. Vyungu vilipangwa kimoja juu ya kingine, kikubwa chini, kidogo juu, na cha juu kikawa kifuniko cha kile cha chini. Juu ya moto palikuwa uchaga wa kukaushia kuni na nafaka kwa moshi. Vikapu vilitundikwa. Nyumba ile ilikuwa ndogo pia, wazee wangu! Lakini ilitumia urefu wake wote, kutoka sakafu hadi paa.

Angalia sasa sufuria ya leo. Imechukua tumbo la chungu, lakini haikai tena juu ya mafiga. Inakaa juu ya babula, ambako joto linatoka chini tu, ao juu ya resho ya umeme, ambayo inataka kitako bapa. Tumbo halina kazi tena. Limebaki umbo tu, sawa mtu anayevaa koti la mvua wakati wa jua kwa sababu baba yake alilivaa wakati wa masika. Tumerithi umbo, tukaacha sababu. Mila ilikuwa katika ile sababu: chombo kifuate moto, nyumba na chakula.

Tena kuna chombo kingine cha mababu ambacho wanaosifu sufuria kubwa hawakitaji hata siku moja: jani. Samaki anafungwa ndani ya majani na kupikwa juu ya makala, ile inayoitwa liboke. Kwanga pia inapikwa imefungwa ndani ya majani. Jani linapika, linabeba, linakuwa sahani, halafu linatupwa. Halidai nafasi hata ya kidole kimoja ndani ya nyumba. Ni nani aliyevumbua chombo cha kupikia kisichobana nafasi mbele ya babu zetu?

3. «Na wageni je?»

Hiyo njo hoja yao ya nguvu, na siidharau. Wanasema: mgeni anakuja bila kutangaza, lazima sufuria iwe kubwa. Mwenye sufuria ndogo ana roho ndogo.

Mimi nauliza: wakati wa kilio, ao wa harusi, ni nyumba gani inayopikia watu mia kwa sufuria zake yenyewe? Hakuna, na haijakuwa hata zamani. Majirani wanaleta zao. Kila mama anaandika jina lake kwa rangi kwenye kitako cha sufuria ili irudi kwake salama. Hiyo njo mila yetu ya ukarimu: watu wengi wanaunganisha vyombo vyao siku moja. Haijasema kwamba kila mtu aweke ndani ya chumba chake, siku 365, chombo cha kupikia watu 40 kwa ajili ya siku tatu za mwaka.

Kwa hiyo sufuria kubwa ibaki, lakini ikae mahali pake. Iwe ya avenyu, ya kanisa, ya likelemba ya wamama, ya jamaa nzima. Mtu anayeihitaji aichukue, airudishe ikiwa safi. Na kwa mgeni mmoja ao wawili wanaofika jioni, sufuria ya kadiri inatosha kabisa. Anayeamua ukarimu ni mkono unaopakua.

4. Hesabu ya sufuria nne

Tuingie sasa katika vipimo. Chukua sufuria nne zenye upana wa mdomo wa sentimita 30, 26, 22 na 18, na urefu wa sentimita 20, 17, 14 na 11. Tukizihesabu kama silinda, zinabeba karibu lita 14, lita 9, lita 5 na lita 3. Pande zikiinama kidogo, ujazo utapungua kidogo. Hapo mama ana sufuria ya bugali, ya maharagwe ao sombe, ya samaki, na ya chai.

Zikiwa na tumbo na mdomo uliobanwa, hakuna inayoingia vizuri ndani ya nyingine. Zipange kando kando: 30 na 26 na 22 na 18 zinafanya sentimita 96, karibu meta nzima, na hapo hatujahesabu masikio, ambayo yanaweza kudai sentimita nane ao kumi zaidi kwa kila moja. Lakini zikiwa na pande zinazopanuka kidogo kuelekea juu, bila masikio, zinaingia zote nne ndani ya ile ya kwanza. Nafasi iliyotakiwa ni sentimita 30 tu. Chakula ni kile kile, na theluthi mbili za ubao zimepatikana bure.

Faida nyingine inaonekana siku ya mabaya. Tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ilipotapika moto, watu wa Goma walikimbia. Mwanzoni mwa 2025 vita vilipofika Goma, kisha Bukavu, watu walikimbia tena. Mama anayekimbia anachukua mtoto, godoro ao blanketi, na sufuria. Mwenye sufuria zisizoingiliana anachagua moja na kuacha nyingine zote. Mwenye zinazoingiliana anafunga jiko lake lote ndani ya kitenge kimoja. Katika nchi iliyoona tulichokiona, hilo si jambo dogo.

5. Vinavyotoka ng'ambo si dawa

Vijana wetu watasema: «Mwalimu, mambo hayo yako tayari ku magazeni.» Ni kweli, kuna seti za sufuria zinazoingiliana, kuna hata vyombo vya kukunja. Lakini viliwazwa kwa moto mwingine na chakula kingine. Mpini wa plastiki unayeyuka karibu na makala. Kitako chembamba kinaunguza bugali mbele haujaiva. Sufuria nyepesi inazunguka pamoja na mwiko, na mama anayesonga anajikuta akiishikilia kwa kitambaa, ao kwa mguu. Chombo cha kukunja cha mpira hakiwezi kusimama juu ya babula hata dakika moja.

Wazee wanaona mambo haya na kusema: «Munaona? Ni vitu vya Wazungu.» Lakini Wazungu wenyewe hawakuzaliwa na jiko dogo. Katika 1926, mjini Frankfurt huko Ujerumani, msanifu wa majengo Margarete Schütte-Lihotzky alichora jiko la meta 1.9 kwa meta 3.4 kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi, na nyumba karibu 10,000 zikawekewa jiko hilo. Alifanyaje? Alihesabu hatua na kazi za mwanamke anayepika chakula cha kwao, halafu akapanga kila kitu kulingana nazo. Tusinunue jiko lake. Tujifunze ile njia ya kupima kwanza. Ni nani hapa kwetu aliyepima hatua za mama anayesonga bugali na kuivisha sombe juu ya babula moja?

6. Neno kwa mafundi

Habari njema ni kwamba hatuhitaji kiwanda. Mafundi wa kuyeyusha alumini tunao. Tunajua wanavyofanya: wanachukua sufuria iliyokwisha kutengenezwa, wanaishindilia ndani ya mchanga, wanaitoa, na katika shimo lililobaki wanamwaga alumini iliyoyeyuka, ambayo inataka joto la nyuzi 660 hivi. Sufuria ya jana inakuwa mama wa sufuria ya leo. Ndiyo maana umbo halibadiliki: hakuna aliyelichagua, linajinakili lenyewe. Kwa upande mwingine, tukibadilisha mfano mmoja, mamia yatafuata.

Tena fundi atapata faida. Mfano wenye tumbo hautoki ndani ya mchanga bila kugawanya kalibu vipande vipande. Mfano unaopanuka kuelekea juu unatoka kwa urahisi. Kwa hiyo umbo linalosaidia jiko linasaidia pia kalibu.

Ningependa sufuria hizo ziwe hivi:

Kwanza, pande ziiname kidogo, kitako kiwe bapa na kinene. Uzito uwe chini, ili bugali usongwe bila sufuria kuyumba.

Pili, badala ya masikio, mdomo uwe na ukingo mwembamba uliogeuka nje, na koleo moja la chuma litumike kwa sufuria zote nne. Koleo linatundikwa kwenye msumari.

Tatu, babula iwe na meno matatu yanayoshika kitako wakati wa kusonga. Hayo meno ni nini kama si mafiga yetu?

Ine, kifuniko kiwe bapa, ili kikigeuzwa kiwe sinia ya kupakulia, na vifuniko vyote vilale kimoja juu ya kingine.

Tano, kuwe na kisahani kimoja chenye matundu, kinachokaa juu ya sufuria ya chini. Maharagwe yanachemka chini saa nyingi. Viazi vitamu ao ndizi vinaiva juu kwa mvuke ule ule. Moto mmoja, vyakula viwili. Makala ya Goma yanatoka kwa sehemu kubwa katika Hifadhi ya Virunga, ambayo imelindwa kisheria tangu 1925; kila kilo tunayookoa ni mti uliobaki umesimama, na ni franka zilizobaki kwa minerval ya mtoto.

Neno moja la kuonya. Fundi asiyeyushe kila chuma anachookota. Uchunguzi uliochapishwa katika 2014 juu ya sufuria za Kameruni zilizotengenezwa kwa vyuma chakavu ulionyesha kwamba madini ya risasi, ile tunayoiita plomb, yanaweza kutoka ndani ya chombo na kuingia ndani ya chakula. Madini hayo yanaharibu akili za watoto. Vipande vya betri na vyuma vilivyopakwa rangi visikaribie tanuru, na chakula chenye ukali sawa nyanya kisilale usiku kucha ndani ya alumini.

7. Tufanye nini?

Sitaki maneno haya yabaki karatasini. Chama cha utamaduni ambacho kazi yake ni kukumbuka tu, bila kutengeneza kitu, kinageuka kuwa makaburi. Naomba mambo matatu.

Chama chetu kichange pesa, kitengenezeshe mifano minne mizuri ya vipimo nilivyotaja, na kuiazima kwa kila fundi anayetaka. Mbele ya hapo, mifano iwekwe mikononi mwa wamama watatu ao wane wa Kadutu na wa Bagira kwa mwezi mmoja. Watakachokataa kibadilishwe, kwa kuwa wao njo wanaojua.

Walimu wenzangu, tuipeleke hesabu hii darasani. Ujazo wa silinda si lazima ufundishwe kwa mkebe wa kwenye kitabu. Mwanafunzi apime sufuria za mama yake, achore jiko la kwao, ahesabu nafasi iliyopotea. Ataelewa hesabu, na ataelewa pia kazi ya mama.

Na nyinyi wajomba na mashangazi, siku ya harusi muache kumlundikia bibi arusi sufuria sita za upana mmoja, zinazofuatana kwa vigelegele, ili apeleke katika chumba cha meta tatu kwa tatu. Mumpe nne zinazoingiliana. Vigelegele vitakuwa vile vile, na atakuwa na mahali pa kusimama nyumbani kwake.

Mwacha mila ni mtumwa: ndiyo, nakubali methali hiyo yote nzima. Lakini mababu zetu walitazama moto wao, wakapima nyumba yao, wakatengeneza chombo kinachofaa. Anayeacha kutazama na kupima, akabaki kubeba umbo lisilo na sababu, huyo njo aliyeacha mila, hata kama sufuria yake inafika magotini.